Riwaya za Kijapani za msiba: mbona mfiwa anaachwa peke yake?

Msomaji wa Himbi (Goma) anauliza:

Ndugu wasomaji, salamu kwenu. Nina swali lililonikaa moyoni tangu mwezi wa sita, nami ninaliandika kwa urefu kwa sababu nikilifupisha litaonekana kuwa la ubishi tu.

Mdogo wangu alifiwa na mume wake mwaka jana. Matanga yalikuwa kama yalivyo hapa kwetu: turubai na viti vya plastiki uani, akina mama wa kanisa wakiimba hadi alfajiri, masufuria ya maharage na sombe, michango ikiandikwa katika daftari, na watu zaidi ya thelathini wakilala mikekani ili asipitishe hata usiku mmoja bila mtu. Miezi kadhaa baadaye, rafiki aliyemtakia mema alimpa riwaya ya Toshikazu Kawaguchi iliyotoka Japani mwaka 2015, ambayo sisi tunaisoma kwa Kifaransa kwa jina la Tant que le café est encore chaud. Aliimaliza kwa siku mbili, akaniletea bila kusema neno. Nami nikaisoma.

Kwa wasioijua, kuna mkahawa mdogo ulio chini ya ardhi mjini Tokyo, wenye kiti kimoja ambacho anayekikalia anaweza kurudi katika siku zilizopita. Masharti yake ni magumu. Haruhusiwi kuinuka kitini, lazima amalize kahawa kabla haijapoa, na, sharti lililonichoma kuliko yote, lolote atakalolisema au kulitenda huko halitabadilisha chochote katika maisha ya sasa. Mwanamke aitwaye Hirai anarudi kuonana na mdogo wake, aliyekufa katika ajali ya gari baada ya kuja mkahawani kumtafuta, siku ambayo Hirai alijificha ili wasionane. Wanazungumza, kahawa inaanza kupoa, Hirai anarejea katika wakati wake, na mdogo wake bado ni marehemu.

Nilikifunga kitabu kile kwa hasira. Nilijiuliza watu hawa wanaombolezea wapi. Kisha nikaazima Kitchen ya Banana Yoshimoto, ya mwaka 1988, nikitumaini kupata jibu, na humo nikamkuta Mikage, msichana aliyefiwa na bibi yake, ndugu yake wa mwisho duniani, akilala jikoni kando ya friji kwa sababu mlio wake unampunguzia upweke. Friji ndiyo inayomliwaza! Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo angekuwa amechukuliwa na majirani kabla jua halijazama.

Naomba mnieleze kwa moyo mweupe: je, riwaya hizi zinaweza kumfaa mfiwa wa Goma, au faraja yake ilishonwa kwa kipimo cha watu wengine?

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu) anajibu:

Mama, pole sana kwa msiba wa shemeji yako, na umfikishie mdogo wako pole zangu.

Niruhusu nianze kwa kukusahihisha kidogo, maana nimeifundisha Kitchen mara kadhaa kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Friji ni mwanzo tu. Baada yake anakuja Yuichi, kijana aliyefanya kazi katika duka la maua ambako yule bibi alikuwa akinunua maua. Anabisha mlango na kumwalika Mikage aje kuishi nyumbani kwake pamoja na mzazi wake, Eriko. Si ndugu, hana deni lolote kwa Mikage, lakini anafanya kile ambacho wewe unasema jirani wa Goma angefanya. Na Eriko anapouawa baadaye, Mikage, akiwa mji mwingine, anaonja katsudon, yaani bakuli la wali lenye nyama ya nguruwe iliyokaangwa pamoja na yai, anaiona tamu, anaagiza bakuli la pili, anapanda teksi usiku wa manane na kusafiri safari ndefu ili Yuichi ale chakula hicho kingali moto. Hatuna haja ya kufafanuliwa maana ya kumpelekea mfiwa chakula. Tofauti ni kwamba sisi tunapeleka masufuria kwa watu mia, naye alipeleka bakuli moja kwa mtu mmoja.

Usidhani pia kwamba Wajapani hawana matanga. Wengi wao hufanya ibada ya siku ya arobaini na tisa, huweka nyumbani madhabahu ndogo ya marehemu, na katika majira ya Obon, ambayo sehemu nyingi huangukia mwezi wa Agosti, huwakaribisha wafu wao nyumbani kwa siku chache na kuwasindikiza tena. Mwandishi wao haelezi hayo kila mara kwa sababu msomaji wake anayajua, kama vile mwandishi wa Bukavu asivyolazimika kueleza turubai ni la nini. Kwa hiyo, ninavyoona mimi, riwaya hizi zinaanzia siku ambayo wageni wamekwisha kuondoka.

Siku hiyo ninaijua. Nilifiwa na mke wangu miaka saba iliyopita. Matanga yalipoondolewa, vijana walihesabu viti, wakavipakia na kuvirudisha vilikokodishwa, na jioni ile nikataka kupika uji nikagundua kwamba sijui chumvi inakaa wapi katika nyumba yangu mwenyewe. Nilisimama mbele ya kabati muda mrefu. Hakuna wimbo unaoimbwa kwa ajili ya saa ile, na hakuna mchango unaoandikwa daftarini. Niliposoma habari za Mikage na friji yake sikumshangaa hata kidogo.

Jambo la mwisho. Sisi tuna neno tunalompa kila mfiwa: jikaze. Wajapani nao wanalo lao. Baada ya tetemeko la ardhi la Kobe la mwaka 1995 kaulimbiu iliyoenea ilikuwa Ganbarō Kobe, yaani Kobe, tujikaze. Na baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 nchi nzima ikaambiwa Ganbarō Nippon. Ni neno jema, lakini anayeambiwa ajikaze kila asubuhi hapati nafasi ya kulegea. Ninaamini riwaya hizi zilipendwa kwao kwa sababu zilimpa mtu nafasi hiyo. Hakuna anayemwambia Mikage ajikaze. Wanampa kochi alale.

Mama wa Katindo (Goma) anajibu:

Mwalimu, nimekuelewa, na hadithi ya chumvi imeniliza. Hata hivyo sitaki tulimalize jambo hili upesi hivyo, kwa sababu mimi ni muuguzi na ninaona vifo vya aina nyingi.

Sharti la kwamba ya sasa hayabadiliki linakubalika kwa ugonjwa usio na dawa. Je, linakubalika pia pale ambapo kifo kilisababishwa? Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Jirani yangu alimpoteza mtoto wa dada yake humo, na mwili haukupatikana. Nikimpa kitabu kinachomwambia kwamba kilichobaki ni kuubadilisha moyo wake tu, nitakuwa nimemwambia anyamaze. Anachotaka yeye ni kujua nani aliruhusu mashua ile iondoke. Sidhani kwamba Kawaguchi alikusudia kumnyamazisha mtu, lakini kitabu kikivuka bahari hufika mahali ambapo mwandishi wake hakupawazia.

Kwa sababu hiyo ningemshauri mdogo wako asome Les Délices de Tokyo ya Durian Sukegawa, iliyotoka Japani mwaka 2013. Bibi mmoja, Tokue, anakuja kuomba kazi katika kibanda kinachouza vikeki vya duara vilivyojazwa maharage matamu. Anajua kuyapika maharage kuliko mtu yeyote: anayachagua moja moja, anayasikiliza yakichemka, anasema yana safari yake yaliyopitia tangu shambani. Baadaye tunajua kwamba alipokuwa msichana aliugua ukoma, akatengwa na jamaa zake, akafungiwa katika kituo cha wagonjwa, akabaki humo hata baada ya kupona, kwa sababu sheria ya kuwatenga ilifutwa mwaka 1996 tu. Wateja wanapopata fununu wanaacha kuja. Kitabu hiki ni kipole, kinaliwaza kabisa, lakini hakimfichi aliyekosewa wala hakisemi kwamba kosa lilitoka mbinguni. Sisi ambao tumelelewa kwa maharage ya Masisi na Rutshuru tutamwelewa Tokue kuanzia ukurasa anapoinamia sufuria.

Kijana wa Majengo (Goma) anajibu:

Ninaongeza moja tu, kwa heshima ya wakubwa waliotangulia. Tetemeko la Kobe alilolitaja mwalimu lilitokea tarehe 17 Januari 1995. Volkano ya Nyiragongo ililipuka na lava ikapita katikati ya mji wetu tarehe 17 Januari 2002. Nilipoigundua tarehe hiyo niliacha kusoma nikatoka nje kidogo.

Haruki Murakami aliandika hadithi sita kuhusu tetemeko lile, zikatoka kama kitabu mwaka 2000, na hakuna hata moja inayotokea Kobe kwenyewe. Wahusika wako mbali, wanaona habari kwenye televisheni, na kitu fulani kinavunjika ndani yao. Wengine walimlaumu mtu wa namna hiyo kwamba anakwepa. Mimi simlaumu, kwa sababu mama yangu hajawahi kunisimulia lava. Tangu nikiwa mtoto ananisimulia cherehani aliyoiacha mezani, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano.

Msomaji wa Himbi (Goma) anaandika tena:

Ninawashukuru nyote. Mwalimu, umenisahihisha kwa haki kuhusu Yuichi. Nilisoma kwa hasira nikampita. Mama wa Katindo, neno lako kuhusu Kituku ninalishika, na sitampa mtu kitabu tena kabla ya kujua kifo chake kilikuwa cha namna gani.

Jana nilikwenda kwa mdogo wangu na kumuuliza kwa nini aliniletea kitabu bila neno. Nilidhani kilimuudhi kama kilivyoniudhi mimi. Kumbe usiku ule alichemsha chai, akaijaza katika kikombe cha marehemu, akakiweka mezani karibu na dirisha na kuitazama saa. Dakika kumi na nne, alisema, kabla ya chai kupoa kabisa, na huo ulikuwa usiku wa mvua. Nilimuuliza angemwambia nini mume wake katika dakika hizo. Alinijibu kwamba asingesema lolote, kwa sababu kwenye matanga watu wote walizungumza habari za mume wake siku nne mfululizo, na yeye alitamani kumsikia mwenyewe akizungumza, hata kama ni kuhusu bei ya saruji.

Tulikaa kimya baada ya hapo, nami sikumwambia ajikaze.

Kifaransa chake si kizuri sana, kwa hiyo tumekubaliana nimsomee hadithi ya Hirai upya kwa sauti, nikiigeuza kwa Kiswahili tunavyokwenda. Tayari nimekwama kwenye neno moja. Mfasiri wa Kifaransa anatumia guérir, na nikisema kupona ninaona ninamwahidi kidonda kilichofunga. Nimejaribu kutulia, nimejaribu kuzoea, na hilo la mwisho alilikataa mwenyewe. Mwalimu, kama una neno bora naomba unipe. Na Mama wa Katindo, ikiwa nakala yako ya Les Délices de Tokyo ipo nyumbani, nitapita Jumamosi baada ya misa kuiazima.