Klabu inayodaiwa kodi: isamehewe kwa ajili ya mashabiki, au ibanwe kama kampuni nyingine yoyote?

Wadau wa soka, naomba tulijadili hili tukiwa tumeweka jezi pembeni. Kila klabu inapofikishwa mahakamani na mamlaka ya kodi, watu hugawanyika palepale. Wapo wanaosema klabu ni mali ya wananchi, kwa hiyo serikali iifutie deni, au angalau iiache imalize msimu. Wapo wanaosema sheria ni msumeno: kampuni ikishindwa kulipa ifungwe, iwe inauza saruji au inacheza mpira. Na wapo, tena ndio wengi, wanaosema hayo ni mambo ya viongozi, shabiki kazi yake ni kwenda uwanjani kushangilia.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Deni la kodi lisifutwe hata senti moja. Lilipwe kwa awamu, na wa kwanza kuumia awe mmiliki aliyelilimbikiza, kabla ya mchezaji na kabla ya shabiki. Kundi linalonitia hofu zaidi ni hilo la tatu, maana klabu kadhaa zimezama huku majukwaa yakiwa yamejaa na watu wanaimba.

Kwanza tuelewane kodi yenyewe ni ipi, kwa sababu hapa ndipo mijadala mingi inapopotea. Kodi inayoziangusha klabu mara nyingi siyo ya faida. Klabu nyingi hata hiyo faida ya kutozwa hazina. Ni kodi iliyokatwa kwenye mishahara ya wachezaji, makocha, wapishi na watunza uwanja, pamoja na VAT ambayo wewe shabiki umeshailipa ndani ya bei ya tiketi na jezi. Karatasi ya mshahara ya mfanyakazi inaonyesha wazi kodi imekatwa, na yeye anajua ameshachangia. Klabu imeishikilia tu pesa hiyo hadi tarehe ya kuiwasilisha. Isipowasilishwa, pesa ya watu wengine imetumika. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na ndugu zangu wanaosema klabu "imeelemewa na kodi", kana kwamba serikali imekuja kuchukua cha kwao.

Sasa kwa nini mmiliki aliyeishiwa huanza kuruka kodi na siyo kitu kingine? Angalia nani anaweza kumuuma haraka. Kwa kanuni za FIFA za tangu 2018, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15, kisha akavunja mkataba na kuondoka bure. Klabu iliyouza mchezaji ikakosa kulipwa inapeleka madai FIFA, na mdaiwa anafungiwa usajili. Benki imeshika hati ya uwanja. Mamlaka ya kodi yenyewe inaanza na barua, inaongeza riba, inatuma barua nyingine, inakaa kikao. Kwa hiyo anarukwa yeye mwezi huu, na mwezi ujao, na timu inaendelea kusajili. Ukisikia klabu ina malimbikizo ya kodi ya mishahara ya miezi mitano, sita, jua pesa iliisha zamani.

Rangers ya Glasgow inafaa kusimuliwa taratibu, kwa sababu kila hatua ilitokea mbele ya macho ya watu. Mei 2011, Craig Whyte aliichukua klabu kutoka kwa David Murray kwa pauni 1, pamoja na ahadi ya kumaliza deni la benki la pauni milioni 18 hivi. Mashabiki wengi walipumua. Pesa ya kuimaliza benki ilitoka kwa Ticketus, kampuni iliyouziwa tiketi za misimu iliyokuwa bado haijafika kwa zaidi ya pauni milioni 20. Yaani mapato ya mashabiki wa miaka ya mbele ndiyo yaliyotumika kumnunulia yeye klabu, na wenyewe hawakuwa na habari. Tangu aingie, kodi ya mishahara na VAT zikaacha kupelekwa. Kufikia tarehe 14 Februari 2012 deni hilo jipya peke yake lilikuwa kama pauni milioni 9, na klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Ikakatwa pointi 10.

Nyuma yake kulikuwa na kesi nyingine kubwa zaidi, ya enzi za Murray: kati ya 2001 na 2010 sehemu ya malipo ya wachezaji na viongozi ilipitishwa kwenye mifuko ya dhamana kama "mikopo", ili isikatwe kodi ya mshahara. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikata shauri hilo mwaka 2017, ikasema ule ulikuwa mshahara na ulipaswa kutozwa. Kwa wakati huo kampuni ya zamani ilikuwa imeshafilisiwa. Juni 2012 mamlaka ya kodi ilikataa mpango wa kuwalipa wadai sehemu tu ya madeni yao, mali za klabu zikauzwa kwa kundi la Charles Green kwa pauni milioni 5.5, na timu ikaanza upya daraja la nne. Ubingwa wa ligi kuu haukurudi mpaka 2021. Kuhusu Whyte tuseme yote: 2014 alizuiwa kuwa mkurugenzi wa kampuni kwa miaka 15, na 2017 mahakama ilimwachia huru kwenye mashitaka ya ulaghai katika ununuzi ule.

Kilichoniuma zaidi katika sakata hilo ni orodha ya wadai. Ndani yake, chini ya mamilioni ya serikali, kulikuwa na huduma ya magari ya wagonjwa ya Scotland, na kulikuwa na mchora nyuso aliyekuwa anadai pauni 40. Pauni arobaini, kwenye klabu iliyokuwa inalipa mishahara ya nyota. Mtu huyo alifanya kazi yake, akaondoka na rangi zake, akaambiwa malipo yatakuja.

Hapo ndipo ninapopata ugumu na wenzangu wa "klabu ni ya watu, isamehewe". Watu gani? Shabiki ni mtu, na mchora nyuso naye ni mtu. Kodi nayo ndiyo inayolipa muuguzi na mwalimu, ambao kati yao wamo mashabiki wa timu pinzani na wasiojali mpira kabisa.

Portsmouth nayo ilitufunulia jambo ambalo wengi hatukuwa tukilitazama. Ilitwaa Kombe la FA mwaka 2008, na Februari 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Premier League kuingia kwenye usimamizi wa ufilisi. Kwa kanuni za soka la England, klabu ikifilisika, klabu nyingine na wachezaji wanalipwa chote wanachodai, ndipo wengine wagawane kilichobaki. St John Ambulance, wale wa kujitolea wanaokaa pembeni ya uwanja na machela, walikuwa miongoni mwa hao wadai wengine. Mamlaka ya kodi iliipinga kanuni hiyo mahakamani, na 2012 ikashindwa. Ilichopata baadaye ni sheria ya jumla: kuanzia Desemba 2020, kampuni yoyote ya Uingereza ikifilisika, VAT na kodi iliyokatwa kwenye mishahara inatangulia mbele ya wadai wa kawaida. Naiona sheria hiyo ni ya haki, ila nakiri ina upande wake mchungu, kwamba muuza mikate na fundi umeme wanazidi kusogezwa mwisho wa foleni huku ile kanuni ya soka ikibaki palepale. Mimi ningeanza kwa kuifuta kanuni hiyo ya soka. Klabu inayouza mchezaji kwa tajiri asiyelipa na yenyewe ibebe hasara kama muuza mikate, ndipo klabu zitaanza kuchunguzana kabla ya kusaini.

Na sasa niwageukie wa "ifungwe". Klabu ya Bury ya England ilianzishwa 1885. Desemba 2018 ikanunuliwa kwa pauni 1, na tarehe 27 Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi. Nani alinufaika? Klabu iliyokufa hailipi kodi ya mishahara, wala hainunui mkate. Ukali usioacha pa kupumulia unaiumiza serikali yenyewe.

Ila adhabu lazima iwepo, na hapa kuna mfano ambao unanisumbua kichwa mpaka leo. Msimu wa 2014/15, Elche ya Hispania ilimaliza nafasi ya 13 La Liga. Wachezaji walipambana, wakabaki juu kwa jasho lao. Halafu wakateremshwa daraja kwa sababu ya madeni, yakiwemo ya kodi, na Eibar iliyokuwa imeshuka ikarudishwa ligi kuu. Fikiria wewe ni shabiki wa Elche uliyesafiri na timu msimu mzima. Tena Eibar ilikuwa ndogo kuliko karibu kila timu ya ligi ile, lakini hesabu zake zilikuwa safi. Ukiwauliza Elche watasema wameonewa. Ukiwauliza Eibar watasema wao ndio walioonewa miaka yote, kushindana na watu wanaosajili kwa pesa ya kodi.

Nakubaliana na Eibar. Kutolipa kodi ni faida ya kimchezo. Ile pesa isiyopelekwa serikalini ndiyo inayomlipa mshambuliaji anayekufunga dakika ya 88.

Hispania wenyewe walichelewa. Mwanzoni mwa 2012 klabu zao zilikuwa zinadaiwa na mamlaka ya kodi euro milioni 752, kwa takwimu za serikali yao. Kilichosaidia ni kwamba tangu 2013 ligi inapitia bajeti ya kila klabu kabla ya msimu na kuweka kikomo cha matumizi ya kikosi. Ukitaka kumsajili mtu, onyesha kwanza pesa iko wapi. Kinga ya namna hiyo naiamini kuliko pointi kumi zinazokatwa mwezi Februari wakati nyumba imeshaungua.

Kuna aliyenipinga kwa mfano wa Lazio. Mwaka 2005 klabu hiyo ilikubaliana na mamlaka ya kodi ya Italia kulipa euro milioni 140 kwa miaka 23, na hoja yake ni kwamba mfanyabiashara wa kawaida hawezi kupewa miaka 23, kwa hiyo huo ni upendeleo wa mpira. Hoja ina uzito. Muda ule ni mrefu kupita kiasi, na mimi nisingevuka miaka mitano, sita. Lakini deni halikufutwa, na klabu ikaendelea kuwepo. Hata UEFA, ambayo hainyimi leseni klabu bila sababu, inataka klabu isiwe na kodi iliyopita muda wake, na inayatambua makubaliano ya maandishi ya kulipa kwa awamu. Ninachoongeza mimi ni masharti: wakati awamu zinaendelea, mmiliki asichukue gawio wala riba ya "mkopo" aliojikopeshea klabu yake, na klabu isinunue mchezaji kwa ada. Awamu moja ikirukwa, hisa zake zichukuliwe ziuzwe.

Kisha kuna hili la mashabiki kuchangishana kulipa kodi. Naelewa moyo wake, na sitamdharau anayetoa. Ila nawasihi, msimchangie mtu ambaye bado amekaa kwenye kiti kilekile na hajafungua vitabu. Wale wa Portsmouth walichanga, lakini walichanga kununua: hisa kwa pauni 1,000 kila moja, na Aprili 2013 klabu ikawa mikononi mwao kupitia chama chao. Mwaka 2017 walitwaa ubingwa wa daraja la nne wakiwa bado wamiliki, kabla ya kupiga kura na kumuuzia mfanyabiashara wa Marekani, Michael Eisner. Mchango uliowapa sauti ndio huo.

Kwa aliye na wasiwasi na klabu yake leo, asisubiri mahakama. Aangalie kama hesabu zilizokaguliwa zimetoka kwa wakati, na asiishie kwenye ukurasa wa mapato. Mkaguzi akiwa na shaka kama klabu itaweza kujiendesha mwaka ujao, ataandika humohumo ndani. Aangalie nani ameshika rehani ya uwanja na ya haki za matangazo. Tiketi za msimu ujao zikianza kuuzwa mapema isivyo kawaida, kwa punguzo kubwa, aulize pesa hiyo inaenda kuziba nini. Na kwenye mkutano wa wanachama, swali la kwanza lisiwe tunamsajili nani. Liwe: kodi ya mishahara ya mwezi uliopita imepelekwa? Naomba kuona risiti. Kiongozi anayekasirishwa na swali hilo ameshalijibu.

Nawarudishia wale mnaotetea Elche, maana ninyi ndio mna hoja nzito zaidi dhidi yangu. Kama kuteremshwa daraja kunamwadhibu asiye na kosa, na faini inaongeza deni juu ya deni, na kumkamata mmiliki kunachukua miaka mitano ya kesi, basi Eibar ilindwe vipi msimu huohuo, kabla ligi haijaisha?