Altaneta ya gari lako: ilianzaje kusumbua, na mlipima nini kabla ya kuibadilisha? Tupeane uzoefu

Mleta mada, Dodoma

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa yaliyotupata na altaneta za magari yetu, yaani kile kifaa kinachozungushwa na injini ili kuzalisha umeme na kuchaji betri, kwa kuwa naona kifaa hiki kinahukumiwa upesi mno: taa nyekundu ya betri ikiwaka tu, mwenye gari huambiwa akanunue nyingine. Naanza na langu. Corolla yangu ilikuwa inafifisha taa usiku kila nilipowasha kiyoyozi, na asubuhi stata ilizunguka kwa uvivu. Fundi umeme aligusisha mita kwenye vichwa vya betri huku injini ikiunguruma, ikasoma volti 12.2, ilhali altaneta nzima ya gari la namna hii huipa betri kati ya volti 13.8 na 14.5. Wengi wangeishia hapo. Yeye akahamishia waya mwekundu wa mita kwenye boliti nene iliyo nyuma ya altaneta, umeme unapotokea, na pale ikasoma volti 14 na ushee. Altaneta haikuwa na kosa. Umeme ulikuwa unapotelea njiani, kwenye kichwa cha waya mnene ambacho, chini ya kifuniko chake cha mpira, kilikuwa kimeota kutu ya kijani na kulegea. Alikikata, akabana kingine, na taa zikatulia.

Mwenye IST, Dar es Salaam

Yangu ilikuwa kweli altaneta, ila si yote. Masika maji ya Jangwani yalinikuta njiani, na feni ya altaneta, ambayo kazi yake ni kuvuta hewa ya kuipoza, ikavuta na tope. Haukupita muda mrefu ukaanza mluzi uliopanda kadiri nilivyokanyaga mafuta. Fundi alitoa mkanda, akazungusha puli kwa mkono, nasi sote tukasikia beringi ikikwaruza. Alipoifungua, kaboni nazo, vile vipande vinavyosugua ringi za ndani na kupitisha umeme, zilikuwa zimelika hadi kubaki vipande vifupi kama kucha. Katika altaneta nyingi za Toyota kaboni mpya hutokeza milimita 10.5, na ikifika milimita 1.5 haivumiliki tena. Tulinunua beringi na kaboni Gerezani kwa sehemu ndogo tu ya bei ya altaneta nzima, ringi za shaba zikasuguliwa kwa msasa laini, na kaboni zikaunganishwa kwa risasi. Mluzi wa namna hiyo msiuzoee, kwa sababu kwenye magari mengi madogo mkanda uleule ndio unaozungusha pampu ya maji. Beringi ikikwama mkanda ukakatika, hasara inahamia kwenye injini. Na mnaoosha injini kwa mashine ya presha, ifunikeni altaneta kwanza, ingawa mifuko ya rambo iliyotusaidia kwa kazi hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2019.

Mwenye Hilux ya dizeli, Morogoro

Ndugu mleta mada, sisi wa Hilux za zamani za dizeli tuna kisa kingine, kwa maana altaneta zetu zimebeba mgongoni pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini, inayoingia kwa bomba jembamba na kurudi kwa jingine. Sili iliyo kati ya pampu na altaneta ikichoka, oili hupenya ndani, hulowesha kaboni, na chaji huanza kuja na kuondoka. Dalili ya kwanza kwangu haikuwa taa ya betri. Ilikuwa matone ya oili chini ya altaneta, kisha pedali ya breki ikawa ngumu hata nilipoikanyaga kwa nguvu zote. Ikifikia hapo, suala la chaji liwekeni kando, gari lisitembee. Wakati wa kubadilisha, nilimsimamia fundi aweke washa mpya za shaba kwenye maungio ya mabomba na kumimina oili kidogo ndani ya pampu kabla ya kuwasha, ili isizunguke ikiwa kavu.

Mchangiaji, Nairobi

Nashukuru kwa hayo. Langu lilikuwa betri kulala usiku kucha na kuamka imekufa, ingawa mchana chaji ilionekana nzuri, na nilikuwa nimeshabadilisha betri. Mekanika mmoja alitaka kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, aone kama itazima. Nilimkataza. Betri ndiyo inayotuliza volti, na ukiiondoa ghafla volti huruka juu kiasi cha kuunguza diodi, yaani vipande ndani ya altaneta vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, au hata kompyuta ya gari. Tulizima gari, tukasubiri, tukapima umeme unaovuja. Ulipungua sana tulipotenganisha waya wa altaneta, baada ya kufungua kwanza upande hasi wa betri. Diodi ilikuwa imekufa na kuuacha umeme urudi nyuma. Nilinunua ya mtumba Kirinyaga Road, lakini kwa kuibeba ile ya zamani mkononi: nililinganisha ampea, idadi ya mifereji ya puli, soketi na pini zake, na nafasi za matundu ya boliti, maana mbili zinaweza kufanana kwa sura zikatofautiana kwa soketi.

Mwenye Vitz, Arusha

Naongeza moja kuhusu vipimo. Katika baadhi ya magari ya karibuni kompyuta hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo volti 12.8 wakati gari limetulia si lazima iwe ugonjwa. Fundi wetu huwasha taa kubwa, kiyoyozi na feni pamoja, kisha hutazama kama volti zinapanda kukidhi mzigo. Zikipita 15, basi mshukiwa wake ni regyuleta, yaani kidhibiti cha volti cha altaneta.

Mleta mada, Dodoma

Ndugu wa Hilux, sili ya pampu ulibadilisha peke yake, au ulilazimika kununua altaneta na pampu kwa pamoja?

Mwenye Hilux ya dizeli, Morogoro

Sili huuzwa peke yake, nami nilianza nayo. Ila mapezi ya pampu yalikuwa yamelika, na breki ni breki, kwa hiyo nikanunua vyote viwili.