Sridevi alikuwa na nini hasa? Wakongwe wa picha za Kihindi njooni mnieleweshe

Chumvi_ya_Pangani

Habari za jioni wadau, na shikamooni wakubwa wote. Mimi nimezaliwa 1999 kwahiyo enzi za deki na kanda zimenipita, Wahindi ninaowajua ni wa tamthilia za kwenye king'amuzi. Juzi nimeangalia English Vinglish, ile ya mama anayetengeneza ladu, vile vitamu vya mviringo vya Kihindi, halafu anaenda New York na Kiingereza hajui, ile sehemu ya mgahawani yule muuzaji anavyomharakisha mpaka anachanganyikiwa, jamani, sijawahi kuona mtu anaigiza aibu vile na karibu haongei kitu. Nikamuuliza mama huyu ni nani, akaacha mboga jikoni akaja kukaa, akaanza kunitajia majina ya picha mpaka nikapotea. Naomba kujua alianzaje, alipandaje, mbona kuna miaka mingi hayupo, na kwanini watu wa pwani wa umri wa mama wakisikia Sridevi wanabadilika sura? Historia ya kwenye mitandao nimeshasoma, nataka ya watu waliomuona enzi zake.

Mama_Salha

Marahaba mwanangu. Mie wa Unguja, Nagina na Chandni zote nimeziona zikiwa mpya, kwahiyo umefika pahala pake.

Kwanza ujue Sridevi alipoingia Bombay, Mumbai ya leo, kunakotengenezwa picha za Kihindi, Kihindi alikuwa hakijui. Ni Mtamil, kazaliwa Agosti 1963 huko Tamil Nadu kusini, baba yake wakili, na kazi ya picha kaanza ana miaka minne, yaani utoto wake wote umeishia mbele ya kamera. Sasa ukiangalia Himmatwala ya 1983 na Jeetendra, ile iliyomtoa hasa, ile sauti unayoisikia si yake, alikuwa anaingiziwa na mwigizaji mwengine anaitwa Naaz. Aakhree Raasta ya 1986 na Amitabh, sauti ni ya Rekha. Sauti yake mwenyewe kwa Kihindi tumekuja kuisikia kwenye Chandni, 1989, keshakuwa malkia zamani! Fikiria miaka yote hiyo mtu anapanda mpaka anakuwa wa juu kuliko wenziwe wote na silaha zake ni uso, macho, mikono na miguu tu.

Na ndo jibu la swali lako la pwani kwa maoni yangu. Sie tulikuwa tunakaa chini kwenye mkeka, nyumba yenye deki ni moja, watu wamejaa mpaka mlangoni, maandishi ya chini hakuna, hawa madijei wa kutafsiri hawajaanza, na Kihindi zaidi ya pyar (mapenzi) na dushman (adui) hatujui. Yeye kule ndani hakijui na sie hatukijui, na hakuna aliyepotea hata kidogo. Akikasirika unajua kakasirika na nani na kwanini. Nenda katazame Nagina ya 1986 mwisho wake, Amrish Puri anapuliza zumari kumlazimisha arudi kuwa nyoka, na yeye anacheza huku anamkatalia kwa macho, wimbo kaimba Lata Mangeshkar ule. Mtaani kwetu wasichana tuliucheza mpaka magoti yakachubuka.

Mzee_wa_Deki

Mama Salha umemaliza, mimi naongeza upande mmoja ambao watu wanausahau, huyu mwanamke alikuwa mchekeshaji. Bara kule hatukuwa na televisheni mpaka 1994 lakini kanda zilifika, zinatoka Unguja na Mombasa zimekopiwa mpaka picha inatetemeka, na Mr. India ya 1987 nimeiona hivyohivyo. Ile sehemu amevaa kama Charlie Chaplin anaingia kasino, hamna maneno ya maana pale, ni kutembea na kofia na masharubu, ukumbi mzima chali. Halafu filamu hiyohiyo ana wimbo wa Hawa Hawai, na ana ule wimbo wa sari ya bluu na upepo ambao wazazi walikuwa wanatutoa nje tukanywe maji.

Ila kwangu mimi kilele ni ChaalBaaz, 1989. Mapacha wawili, Anju mwoga anateswa na mjomba wake, Manju mlevi mlevi jeuri, na Sridevi ndiye wote wawili. Sunny Deol yumo na Rajinikanth yumo, wanaume wakubwa kabisa hao, na picha ni ya kwake wao wamekuja kumsaidia. Enzi hizo picha ya Kihindi stelingi ni mwanaume, dada anaimba kwenye milima analia kidogo anatekwa basi. Yeye watu walikuwa wanakwenda kukodi kanda wanasema nipe ya Sridevi, hawataji mwanaume. ChaalBaaz ndo ilimpa tuzo ya Filmfare, ile kubwa ya picha za Kihindi, ya mwigizaji bora wa kike, akaichukua tena kwa Lamhe ya 1991.

Kidoti_wa_Makorora

Hayo yote sawa wakuu lakini Madhuri Dixit, mpinzani wake, alipokuja na Tezaab 1988 si ndo mambo yakageuka? Mimi nyumbani kwetu tuligawanyika, dada zangu wakubwa Sridevi, sisi wadogo Madhuri, na kwa kucheza nasimama na Madhuri mpaka kesho. Ana miguu sahihi zaidi.

Mzee_wa_Deki

Kucheza sikupingi dada Kidoti. Ila nitafutie nani mwingine angeifanya Sadma. Hiyo ni 1983, mwaka uleule wa Himmatwala! Msichana amepata ajali kumbukumbu imefutika amekuwa na akili ya mtoto mdogo, Kamal Haasan mwalimu anamlea, halafu siku anapona hamkumbuki kabisa. Pale stesheni treni inaondoka, jamaa anaruka kama nyani kwenye mvua ili amkumbushe, na yeye anamwona kama kichaa anamtupia chakula. Wengi wanamlilia Kamal, mimi nakuomba siku moja umwangalie Sridevi pale dirishani, hana anachokijua, uso mweupe kabisa. Kuigiza kutojua kitu ambacho wewe umekicheza picha nzima ni kazi ngumu mno.

Baharia_wa_Matrah

Asalam aleykum wote. Mimi nipo Muscat miaka mingi, kazini nimekaa na watu wa Kerala na wa Chennai, kusini mwa India, nao wananicheka nikisema Sridevi wa Bombay. Wanasema Bombay waliletewa mtu kaiva. Na kweli, Moondru Mudichu ya 1976 alikuwa na miaka 13 anapewa nafasi ya mwanamke mzima, pembeni yake Kamal Haasan na Rajinikanth ambao nao ndo wanachipukia. Mwaka unaofuata 16 Vayathinile, msichana wa kijijini, ndo ikamfanya kipenzi cha Watamil. Hiyo Sadma yenyewe ni marudio ya picha yake ya Kitamil Moondram Pirai ya 1982. Kuna picha zake za lugha nyingine za kusini, Kitelugu, na Kimalayalam ambako alipewa tuzo ya serikali ya Kerala ya mtoto mwigizaji bora kwa Poompatta. Na mnajua Bombay mara ya kwanza ilimkataa? Solva Sawan, 1979, ilianguka. Akarudi kusini akafanya kazi, miaka minne baadae ndo akaja tena na Himmatwala.

Alipofariki Dubai Februari 24, 2018, ana miaka 54, alikuwa amekuja kwenye harusi ya ndugu wa mumewe huku Ghuba. Kazini asubuhi ile jamaa zangu hawakuongea, mmoja alikaa ndani ya gari muda mrefu. Umbea ulikuwa mwingi sana na naomba humu tusiuanze, serikali ya Dubai ilichunguza ikasema alizama kwa bahati mbaya kwenye bafu la hoteli, na faili likafungwa. Kule Mumbai akazikwa kwa heshima za serikali, mwili umefunikwa bendera, barabara zote watu. Samahani, nimesema akazikwa kwa mazoea yetu, wao wanachoma.

Chumvi_ya_Pangani

Nimesoma yote na mama nimemsomea, anawasalimu, na anasema Mzee wa Deki ana haki kuhusu Sadma. Bado ile miaka aliyopotea, na je nianzie wapi?

Mama_Salha

Aliolewa na Boney Kapoor, yule aliyetoa pesa za kutengeneza Mr. India, mwaka 1996. Judaai ikatoka 1997, binti wa kwanza Janhvi akazaliwa mwaka huohuo, Khushi 2000, akakaa kulea. Senema hakurudi mpaka hiyo uliyoiona, 2012, miaka kumi na tano, mwanangu! Na Bombay mwanamke akishazaa walikuwa wanampa nafasi ya mama wa stelingi, anachemsha chai na kulia. Yeye karudi karibu na hamsini na picha ikabebwa na yeye peke yake, kaandikiwa na mwanamke mwenziwe, Gauri Shinde. Halafu Mom, 2017, iliyotangazwa kuwa picha yake ya 300. Ile ndo ikampa tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora, imetangazwa Aprili 2018 keshaondoka, mumewe na wanawe wakenda kuipokea. Hilo mie linaniuma mpaka leo, maana tuzo ile ilikuwa yake tangu Sadma.

Anza na ChaalBaaz ucheke, kisha Nagina, kisha Chandni uisikie sauti yake. Sadma iache ya mwisho, na usiitazame peke yako, mwite mama. Na ukipata yenye maandishi ya chini, jaribu nusu saa ya kwanza uyazime.