Walimu tupeane uzoefu: nani amewahi kugeuza darasa, maelezo nyumbani na maswali shuleni?

Mwalimu wa Namba (mtoa mada)

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha hisabati, na huu ni muhula wa tatu tangu nianze kugeuza darasa. Mwanafunzi anapata maelezo ya mada kabla ya kipindi, kwa video fupi au kurasa za kusoma, halafu kipindi chote tunafanya maswali pamoja. Naomba kila mwenye uzoefu aweke hapa, uliofaulu na uliokwama. Naanza na wangu.

Muhula wa kwanza ulikwama. Nilirekodi video ya dakika 25, nikawapa, kesho yake nikauliza nani ameiangalia. Mikono ikainuka michache. Nikawaonea huruma waliobaki, nikashika chaki nikafundisha yote upya. Wiki iliyofuata walioangalia wakapungua, na baada ya hapo hawakufika hata watano. Walikuwa na haki kabisa. Kwa nini mtoto atoe jioni yake kwa jambo ambalo mwalimu atalirudia asubuhi?

Nilibadilisha kitu kimoja: sirudii. Ambaye hajaangalia anakaa pembeni na kompyuta ya darasa, anaangalia kwanza, ndipo anajiunga na wenzake. Simgombezi wala simwadhibu. Na kila mmoja anakuja na swali moja aliloliandika kwenye daftari kuhusu alichokiona. Nayasoma yale maswali mlangoni wakiwa wanaingia, na mara nyingi ndiyo yanayoamua nianzie wapi.

Siku iliyonifunga kwenye njia hii ilikuwa ya sehemu. Nilikuwa napita kati ya madawati nikamwona kijana ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Zamani ningelikuta kosa hilo usiku nikisahihisha, ningeweka alama ya kosa na kuendelea na daftari linalofuata. Safari hii nilichutama kando yake nikamwuliza: umeanza na nusu, ukaongeza, sasa una 2/5. Hiyo ni kubwa kuliko nusu au ndogo? Akanyamaza. Akachora mstatili, akaugawa mara tano, akatia kivuli vipande viwili. Akaona havifiki katikati. Akafuta mwenyewe, kisha akaniuliza kuhusu asili, yaani namba ya chini ya sehemu: "Kwa hiyo asili haijumlishwi?" Dakika nne tu, na sikumpa jibu. Dakika hizo sikuwa nazo nilipokuwa nasimama ubaoni kipindi kizima.

Mama Maabara

Asante kwa mada hii, mwalimu. Wengi hudhani jambo hili lilianzishwa na watu wa teknolojia, kumbe jina lake lilienezwa na walimu wawili wa kemia wa sekondari huko Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams. Mwaka 2007 walianza kurekodi vipindi kwa ajili ya wanafunzi waliokosa masomo. Baadaye wakajiuliza: kama maelezo yanaweza kurekodiwa, mwanafunzi anamhitaji mwalimu zaidi wakati gani? Ni pale anapokwama kwenye swali. Na wengi hukwama nyumbani, peke yao.

Mimi pia nafundisha kemia. Video zangu hazizidi dakika 7, wazo moja kwa video moja. Ya mole, kipimo cha kemia cha idadi ya chembe, inaeleza mole tu. Kusawazisha milinganyo ya kemia nairekodi kivyake. Na nawafundisha kuangalia, maana video ya somo haiangaliwi kama filamu. Wiki ya kwanza tunaiangalia pamoja darasani, nasimamisha, narudisha nyuma, tunaandika. Msiiruke hatua hii. Niliiruka mwaka wa kwanza, nikapata wanafunzi wanaoniambia wameangalia na daftari halina hata mstari mmoja.

Kurasa Mbili

Kwetu intaneti si ya uhakika na wanafunzi wengi hawana simu. Sijawahi kurekodi video hata moja. Natoa kurasa mbili za kitabu na maswali matatu mepesi, basi. Nafundisha historia, na kipindi kinakwenda kwenye mjadala wa chanzo kimoja: nani alikiandika, aliandika lini, alitaka nani aamini nini. Kinachogeuzwa ni kipindi. Video ni chombo tu, na asiye nayo asijione yuko nje.

Mkufunzi wa Fizikia

Naunga mkono hoja ya Kurasa Mbili. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza mwaka 1991 kuwataka wanafunzi wake wasome kabla ya kuja, kisha darasani akawapa maswali ya dhana na kuwaacha wabishane wao kwa wao. Hakuhitaji video.

Nafanya hivyo chuoni. Swali langu ninalolipenda: mpira umerushwa juu wima, umefika kileleni, mchapuko wake hapo, yaani kiwango cha kubadilika kwa mwendokasi wake, ni kiasi gani? Kila mtu anajibu kimya kwa kuinua kadi. Wakipata wachache mno narudi kueleza, wakipata karibu wote nasonga mbele. Wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, nawaambia geukeni, mshawishi jirani yako. Wanaodai ni sifuri huwa wana uhakika mkubwa, kwa sababu mpira umesimama. Halafu utasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Kama mchapuko ungekuwa sifuri, si ungebaki huko huko juu?" Maelezo hayo yanamwingia mwenzake kuliko yangu, kwa sababu huyo anayeeleza alikuwa amekwama hapo hapo juzi.

Dawati la Mbele

Mimi kilichonikwamisha ni wakubwa. Mkuu alipita, akasikia sauti, akaona nimeketi na kikundi na ubao haujaandikwa kitu, akaniita akaniuliza kwa nini sifundishi. Wazazi nao wakalalamika. Iliniumiza, kwa sababu kazi ya maandalizi ilikuwa mara mbili ya zamani. Waelezeni wakubwa na wazazi kabla hamjaanza.

Mwalimu wa Awali

Naomba nipingane kidogo, kwa heshima. Kwa watoto wanaoanza kusoma sishauri kabisa. Bado hawawezi kujifunza peke yao, na anayeishi na mtu mzima mwenye nafasi atawaacha wenzake mbali. Hata kwa wakubwa, si kila mada. Nyingine zinataka waguse kwanza, wapime, washangae, maelezo yafuate.

Mwalimu wa Namba (mtoa mada)

Nakubali, Mwalimu wa Awali. Mimi mwenyewe sigeuzi kila mada, labda moja kati ya tatu. Pembe za pembetatu, kwa mfano, wanakata karatasi darasani kwanza, wanaziunganisha mpaka waone mstari mnyoofu.

Chaki Mpya

Nimesoma yote, jana nikajaribu mada moja. Saba hawakuwa wameangalia, nikawakalisha pembeni kama ulivyosema. Baada ya dakika kumi wakawa wamejiunga, na mmoja alikuja na swali ambalo wenzake hawakuwa nalo. Ila wapo watatu waliomaliza maswali yote mapema wakaanza kuvuruga. Hao mnawapa nini?

Mama Maabara

Nawaambia watunge swali lenye kosa ndani yake, wabadilishane, kila mmoja alitafute kosa la mwenzake. Usiwape maswali mengi zaidi ya aina ile ile, wataona wanaadhibiwa kwa kuwahi.