MREJESHO: Niliyeuliza kama kuchoka kuomba ni dhambi

Wapendwa, mwezi wa tatu niliwauliza kama kuchoka kuomba ni dhambi, maana mama ndo alikuwa kaanza mionzi ya kansa ya shingo ya kizazi pale hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, na mi maombi yakawa hayatoki kabisa. Mmoja wenu akanambia soma Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani bila hata shukrani, jamani nililia, kumbe hata kumlalamikia Mungu ni maombi. Mama kamaliza mionzi 25, kliniki bado anaenda. Jana usiku kanishika mkono, vidole vimekonda mpaka pete inazunguka, akasema mwanangu leo omba wewe. Nikaomba sentensi mbili tu, akaitikia amina.