Leseni gani niweke kwenye programu ya mnada wa samaki?

Baharia_Sahare: Wakuu salaam. Niko Tanga, nimeandika kiprogramu cha mnada wa samaki pale Deep Sea, dalali anaingiza tenga na bei kwenye simu, jioni nahodha anaona hesabu yake bila kubishana na mtu. Sosi kodi, yaani maandishi yenyewe ya programu, iko wazi GitHub, mtandao wa kuhifadhia kodi, ila sijaweka leseni. Sasa kuna jamaa wa Dar anataka aichukue akauze masoko mengine. Kuuza auze tu, ninachokataa aifungie halafu marekebisho yake tusiyaone. Rafiki yangu anasema bandika MIT, ile leseni fupi inayoruhusu karibu kila kitu, umalize.

Kijana_Chumbageni: Mkuu, kutoweka leseni sio kwamba umegawa bure. Hakimiliki inakulinda yenyewe, sheria yetu ya 1999 imetaja na programu za kompyuta. Ukiweka MIT anadaiwa abakishe jina lako na maneno ya leseni basi, kufunga anafunga. Wewe unataka GPL, hiyo anayegawa nakala lazima atoe na sosi, hata ya alichobadili.

Binti_Ngamiani: GPL tupu haimfikii huyo. Watu wanaipakua au wanaingia kwa brauza? Kama brauza ataiweka kwenye seva yake, hajampa mtu nakala, na GPL inadai sosi pale unapogawa nakala. Ndo kazi ya AGPL 3 ya 2007, ukiibadili na watu wakaitumia mtandaoni lazima uwape njia ya kupata sosi.

Baharia_Sahare: Ni brauza dada. Nikiandika tu marufuku biashara je?

Binti_Ngamiani: Hiyo sio opensosi (programu huria) tena, na dalali wako naye si mfanyabiashara? Utamfukuza huyohuyo unayemsaidia.

Mzee_wa_Seva: Nabisha kidogo. AGPL inakimbiza makampuni, Google wameipiga marufuku ndani kwao. Mi ningeweka Apache 2.0, nayo haikatazi kufunga kama MIT. Halafu mbona hamjamuuliza, uliandika peke yako?

Baharia_Sahare: Vijana wawili walichangia.

Mzee_wa_Seva: Basi vipande vyao ni vyao, omba ridhaa kwa maandishi kabla hujabandika chochote. VLC, ile programu ya kuchezea video, walipohamisha sehemu kubwa ya kodi yao kutoka GPL kwenda LGPL iliyo laini zaidi, 2011 na 2012, ilibidi wawasake wachangiaji mmoja mmoja, mamia ya watu.

Baharia_Sahare: Google hawaji kununua changu Deep Sea 😂 AGPL basi. Mmoja yuko hapahapa mtaani, wa pili Pangani nampigia sasa hivi. Huyo wa Dar akisema atalipa ili aifunge?

Binti_Ngamiani: Muuzie leseni ya pembeni mkikubaliana wote watatu. MySQL, ile programu ya kutunzia data, ndo wanavyofanya, GPL kwa kila mtu, ya kulipia kwa asiyetaka kufungua.