Kufuta data kwenye SSD kabla ya kuuza laptopu: kujaza sifuri, TRIM au Secure Erase?

mtoto_wa_temeke
Wakuu habari za jioni. Ofisini tunauza laptopu za zamani, zote SSD (diski za chipu), na mle ndani kulikuwa na mikataba na kopi za vitambulisho vya wateja. Mmoja anasema tufomati tu inatosha, mwingine anataka tujaze nafasi iliyo wazi na sifuri mara saba kama enzi za HDD (diski za sahani zinazozunguka). Ipi salama?

fundi_k
Mkuu hiyo ya mara saba achana nayo. Kwenye SSD kontrola (chipu inayoiendesha diski) ndo inaamua data ikae seli gani, yaani kijumba gani cha kuhifadhia, ukiandika juu ya faili yenyewe inaipeleka data mpya sehemu nyingine kabisa ili seli zichakae sawasawa, ile ya zamani inabaki palepale mpaka kontrola ije kuifagia kwa muda wake. Afu kuna nafasi ya akiba ndani ya diski ambayo Windows haiioni, hata ujaze diski mpaka ilalamike hufiki kule. Mwaka 2011 watafiti wa California, San Diego walipima programu za kufuta faili mojamoja kwenye SSD, ikabaki kati ya asilimia 4 na 75 ya data. Unaila diski bure tu.

Zuhura_IT
Na kufomati si ndo kunaita TRIM? Mimi nikipitisha programu ya kurudisha mafaili baada ya hapo naona patupu.

fundi_k
Dada Zuhura patupu ni kwa hiyo programu yako. TRIM inaiambia kontrola kurasa hizi (vipande vya data) hazihitajiki tena, lini itazifuta kweli ni juu yake. Nzuri kwa spidi, kila mtu aiwashe (kwenye dirisha la amri la Windows andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, ikileta 0 imewashwa), ila kwa vitambulisho vya watu siitegemei. Na diski ikiwa kwenye boksi la nje la USB mara nyingi TRIM haipiti hata.
Tumia amri ya diski yenyewe. SSD zipo aina mbili kwa jinsi zinavyounganishwa, NVMe na SATA. NVMe: washa Linux kwa flashi, toa amri ya nvme format na --ses=1, au sanitize (amri nyingine ya kufuta diski nzima) kama diski inaikubali. SATA: Secure Erase, amri ya diski kujifuta yenyewe, kwa hdparm (programu ya Linux). Hizi zinamwagiza kontrola mwenyewe afute, na kwa kawaida hata kule kwenye akiba.

mzee_wa_seva
Kwangu bora BitLocker (kufuli ya Windows inayosimba diski kwa ufunguo) tangu siku ya kwanza, ukiuza unaua ufunguo basi. Ila mkiiwasha leo msichague ile ya kufunga nafasi iliyotumika tu, mafaili mliyofuta zamani yatabaki wazi nje ya kufuli.

mtoto_wa_temeke
Asanteni sana. Moja ya SATA hdparm inaniandikia frozen (imegandishwa), inagoma.

fundi_k
Ilaze mashine kidogo (suspend) afu iamshe, kisha cheki tena hdparm -I, ikisema not frozen weka paswedi ya muda kwenye diski ndo utoe amri ya Secure Erase. Chomeka chaja kabisa, umeme usikatike katikati.

Zuhura_IT
Na iliyokufa kabisa, haisomeki?

mzee_wa_seva
Hiyo haiuzwi mama. Fungua, saga chipu zenyewe moja moja, kutoboa tundu moja kwenye bodi hakusaidii maana chipu nyingine zinabaki nzima.